Chikungunya (asili ya jina)

Chikungunya ni jina la ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo unaosababishwa na virusi na kuenezwa na mbu wa jenasi Aedes. Jina hili limetoka katika lugha ya Kimakonde, inayozungumzwa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na maana yake ni "kile kinachokunja" au "kinachopinda". Linaeleza jinsi mgonjwa anavyoinama na kujikunja kwa sababu ya maumivu. Liliingia katika maandishi ya tiba kufuatia mlipuko wa miaka ya 1952 na 1953 katika wilaya za Newala na Masasi, ambazo leo zimo katika Mkoa wa Mtwara. Tangu hapo limebaki hivyohivyo katika karibu lugha zote za dunia. Ni miongoni mwa maneno machache sana ya lugha ndogo za Kibantu yanayotamkwa kila siku na madaktari wa Bangkok, Rio de Janeiro na Paris.

Makala hii inahusu zaidi neno lenyewe: limeundwaje, lilichukuliwaje na watafiti, na kwa nini kwa miaka mingi vitabu vingi viliandika kimakosa kwamba ni neno la Kiswahili.

Umbo la neno

Neno hili lina silabi nne, chi-ku-ngu-nya, na msomaji wa Kiswahili halipati taabu kulitamka, kwa kuwa sauti zake zote zimo pia katika Kiswahili. Mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani ngu.

Sehemu ya kwanza, chi-, ni kiambishi awali cha ngeli. Katika Kimakonde kinafanya kazi ileile inayofanywa na ki- katika Kiswahili: kutaja kitu, chombo, lugha, hali au ugonjwa. Wenyewe huita lugha yao Chimakonde, na Waswahili huiita Kimakonde. Tofauti ni kiambishi tu. Upande wa Msumbiji husikika pia Shimakonde.

Sehemu inayobaki inatokana na kitenzi ambacho vitabu vya tiba hukiandika kungunyala, chenye maana ya kujikunja, kupindika, au kukauka na kusinyaa. Maana hizi hazipingani. Jani likikauka juani hujikunja, na ngozi ya mnyama isipowambwa hujikunja vilevile. Mwisho wa kitenzi, -la, hauonekani katika nomino.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kulisogelea neno hili kwa kutazama vitenzi vya lugha yake. Sauti l iliyo kati ya irabu mbili imepotea katika maneno mengi ya Kiswahili lakini imebaki katika lugha jirani: Kichewa husema njala na Kiswahili njaa, Kichewa husema kuvala na Kiswahili kuvaa. Kwa mwenendo huo, kama Kiswahili kingekuwa na kitenzi hiki, kingetarajiwa kuwa na umbo la kungunyaa, na kingekaa vizuri kabisa katika kundi moja na kusinyaa, kukakamaa na kuduwaa, vitenzi ambavyo navyo hueleza mwili au kitu kilichoingia katika hali fulani na kubaki humo. Huu ni ulinganisho wa umbo na maana, hausemi kwamba maneno hayo yana mzizi mmoja.

Namna hii ya kuunda jina la ugonjwa si ngeni kwa Mswahili. Kiswahili kina kipindupindu, kutoka katika kitenzi chenye maana ya kugeuza na kupinda. Kina pia kifafa, kichocho, kisonono, kifaduro, kiharusi na kizunguzungu. Yote yanaanza na ki-, na baadhi yao yanataja kile ambacho ugonjwa humfanyia mtu. Chikungunya iko katika njia hiyohiyo, ila kwa lugha ya jirani.

Lugha za Ulaya kaskazini hufanya vingine: hubandika nomino mbili pamoja. Kinorwei huita baridi yabisi ya viungo leddgikt, yaani ledd "kiungo" na gikt "jongo". Kiholanzi cha karne ya 18 kilikuwa na knokkelkoorts, "homa ya vifundo", jina ambalo tutakutana nalo tena chini. Neno la aina hiyo hutaja mahali panapouma. Neno la Kimakonde halitaji kiungo chochote. Linataja umbo la mtu mzima anavyoonekana na wenzake, na pengine ndiyo sababu linakumbukwa kwa urahisi na kila anayelielezwa mara moja.

Si neno la Kiswahili

Kwa miongo kadhaa vitabu vya tiba, kamusi na magazeti ya nje viliandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Kosa hili bado linapatikana. Lilirudiwa hasa wakati wa milipuko mikubwa ya Bahari ya Hindi baada ya mwaka 2004, waandishi wengi walipohitaji haraka sentensi moja ya kueleza jina hilo geni. Shirika la Afya Duniani sasa hutaja Kimakonde kuwa ndicho chanzo.

Yeyote aliyesoma sarufi ya Kiswahili shuleni anaweza kulithibitisha hili mwenyewe bila kufungua kitabu cha tiba. Katika Kiswahili sanifu kiambishi ki- hugeuka ch- pale tu kinapofuatwa na irabu, kama katika chakula, chombo au cheti. Mbele ya konsonanti hubaki ki-: kiti, kikombe, kikapu. Neno lenye chi- mbele ya k halifuati kanuni hiyo. Lingekuwa la Kiswahili lingekuwa kikungunya. Tena, hakuna kitenzi cha Kiswahili cha kulizalia.

Sababu ya kosa ni rahisi kuiona. Kiswahili ndiyo lugha ya Tanganyika iliyojulikana zaidi ng'ambo, na wakalimani, wauguzi na makarani wa hospitali waliwasiliana na madaktari wageni kwa Kiswahili. Neno lililosikika ndani ya mazungumzo ya Kiswahili likahesabiwa kuwa la Kiswahili. Kuna anayeweza kusema jambo hili ni dogo. Lakini Kimakonde, kama Kimakua na Kiyao vinavyozungumzwa pamoja nacho katika eneo la Masasi na Newala, hakipewi nafasi kubwa katika vitabu. Neno moja lililotoka humo na kuenea ulimwenguni linastahili kuandikiwa kwao.

Uwanda wa Makonde na mlipuko wa 1952–1953

Uwanda wa juu wa Makonde uko kaskazini mwa Mto Ruvuma. Newala imejengwa kwenye ukingo wa magharibi wa uwanda huo, mahali ambapo ardhi inaporomoka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma na Msumbiji. Masasi iko chini, magharibi zaidi, kati ya milima ya mawe inayosimama pekeyake. Wakati wa mlipuko maeneo yote mawili yalikuwa katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa na kutawaliwa na Uingereza.

Ugonjwa ulionekana kuanzia mwaka 1952. Ulianza ghafla. Mtu aliyekuwa mzima asubuhi aliweza kufikia jioni hawezi kunyoosha mgongo wala kushika kikombe. Homa ilipanda, vifundo vya mikono na miguu, magoti na vidole viliuma, na wengi walipata vipele. Homa ilipokwisha, maumivu ya viungo yaliendelea kwa wiki au miezi, na watu walionekana wakitembea wameinama. Wachache walikufa, lakini walioshindwa kulima, kutwanga na kuchota maji walikuwa wengi. Wenyeji walikwisha kuupa ugonjwa jina lao kabla ya daktari yeyote kuuandikia.

Daktari Marion Robinson alieleza dalili za wagonjwa katika makala iliyochapishwa mwaka 1955 katika jarida la chama cha kifalme cha tiba ya nchi za joto huko London. Makala ya pili, ya W. H. R. Lumsden, ilichapishwa papo hapo na kueleza jinsi ugonjwa ulivyoenea kijiji hadi kijiji. Ya tatu, ya R. W. Ross, ilitoka mwaka 1956 na kueleza virusi vyenyewe, vilivyopatikana mwaka 1953 katika damu ya wagonjwa na katika mbu. Lumsden na Ross walikuwa watafiti wa taasisi ya virusi ya Entebbe, Uganda, iliyoanzishwa na Rockefeller Foundation mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano na ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda.

Mwanzoni ugonjwa ulifanana mno na dengue, kiasi kwamba kwa dalili peke yake ilikuwa vigumu kuitenganisha. Uchunguzi wa maabara ndio ulioonyesha kwamba ni virusi vingine kabisa. Leo virusi vya chikungunya huwekwa katika jenasi Alphavirus, wakati virusi vya dengue viko katika familia nyingine, pamoja na vile vya homa ya manjano.

Hapa kuna jambo la kustahili kutazamwa. Desturi ya Entebbe ilikuwa kuvipa virusi jina la mahali vilipopatikana. Virusi vya Nile Magharibi, vya mwaka 1937, viliitwa kwa wilaya ya Uganda. Bunyamwera, Semliki na Bwamba ni majina ya maeneo ya nchi hiyohiyo. Virusi vya Zika, vya mwaka 1947, viliitwa kwa msitu ulio karibu na Entebbe. Kwa desturi hiyo, ugonjwa huu ungeweza kabisa kuitwa "homa ya Newala", na makala ya Ross yenyewe iliutaja mlipuko kwa jina la Newala. Badala yake watafiti walishika neno la wagonjwa. Newala iliponea chupuchupu: mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuacha kuyaita maradhi mapya kwa majina ya mahali, watu au wanyama, kwa kuwa majina hayo huwaachia wenyeji aibu isiyo yao na huharibu biashara na safari. Jina la Kimakonde, miaka 60 kabla ya mwongozo huo, lilikwisha kufanya kinachotakiwa: linataja dalili tu.

Maji ya nyumbani

Haiwezekani kueleza kwa nini neno hili lilizaliwa pale bila kusema habari ya maji. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito wala chemchemi za kutosha, kwa sababu mvua huzama upesi katika udongo wa kichanga. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni na kupanda tena na maji kichwani. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wanajenga mbali hivyo na maji kwa hiari yao. Aliandika pia masimulizi ya wenyeji kuhusu asili yao, ambamo wazee wa kwanza waliwausia watoto wao wakae juu, wala wasikae karibu na mito mikubwa, kwa kuwa huko kuna maradhi na kifo.

Usia huo ulikuwa na akili. Mabonde yana mbu wa malaria, na uwanda mkavu unaobeba upepo una wachache zaidi. Lakini maji yaliyochotwa kwa shida hayamwagwi. Hutunzwa ndani ya mitungi, mapipa na vyombo vingine, siku baada ya siku, karibu na watu wanapolala. Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, hahitaji bwawa wala mto. Hutaga mayai katika chombo cha maji safi yaliyotulia, na huuma mchana. Kwa hiyo mbu aliyeleta ugonjwa huu alizaliwa ndani ya nyumba, katika maji yaleyale yaliyobebwa kutoka bondeni.

Msituni virusi hivi huishi kati ya nyani, kima na mbu wa porini, na huingia kwa binadamu mara kwa mara. Mlipuko mkubwa hutokea vinapokutana na watu wengi wasio na kinga na mbu wengi wa nyumbani. Hali hiyo ilikuwapo Newala mwaka 1952. Ilikuwapo tena Lamu mwaka 2004, wakati wa ukame, kisiwa kilipotegemea maji yaliyohifadhiwa. Uchunguzi wa damu uliofanywa Lamu baada ya mlipuko ulikadiria kwamba karibu robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa.

Jina lilivyosafiri

Kutoka Afrika Mashariki ugonjwa ulitambuliwa Bangkok mwaka 1958, kisha Calcutta mwaka 1963 na Madras mwaka 1964. Kila mahali ulikwenda na jina lake. Baada ya hapo ulisikika kidogo tu mpaka ulipozuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, Komori mwaka 2005, na kisiwa cha Réunion mwaka 2005 na 2006, ambako takriban theluthi moja ya wakazi wote waliugua. India ilifuata kwa zaidi ya watu milioni moja walioshukiwa kuugua. Mwaka 2007 uliingia Italia, katika vijiji vya mkoa wa Emilia-Romagna, na Desemba 2013 ulifika Karibi, kwenye kisiwa cha Saint Martin, na kutoka huko ukaenea Amerika yote ya joto. Watu wa nchi nyingi mno walijikuta wakijifunza neno la Kimakonde kwa lazima.

Walilishughulikia kila mmoja kwa namna yake. Réunion walilifupisha kuwa chik, na wakalieleza kwa Kifaransa kama ugonjwa wa mtu aliyepinda. Kihispania kililiandika chikunguña. Wazungumzaji wa Kiingereza, na wengi nchini India na Karibi, walisikia ndani yake neno lao la kuku, chicken, na makosa ya tahajia yenye kuku yalijaa katika magazeti na katika vyumba vya madaktari. Hii ndiyo kawaida ya lugha zote: neno lisiloeleweka husukumwa mpaka lifanane na neno linaloeleweka. Ugonjwa hauhusiani na kuku kwa vyovyote, wala kula nyama yake hakuuambukizi.

Kampuni za dawa nazo zimelikata vipande. Chanjo ya kwanza, Ixchiq, iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na leseni yake nchini humo ikasimamishwa Agosti 2025 kwa sababu ya wasiwasi juu ya madhara. Ya pili, iliyoidhinishwa Marekani na Umoja wa Ulaya Februari 2025, inaitwa Vimkunya. Kisarufi, "kunya" si sehemu yoyote ya neno la Kimakonde, ni kipande kilichokatwa bila kufuata mishono yake. Kwa Kiswahili ni kitenzi ambacho mtu hakitamki mbele ya wakwe, na inaonekana hakuna Mswahili aliyeulizwa.

Kidingapopo na dengue

Historia ya jina la chikungunya imefungamana na ya jina jingine la Afrika Mashariki, na safari hii kweli ni Kiswahili. Dengue huitwa kwa Kiswahili kidingapopo. Katika karne ya 19 daktari Mskoti James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika juu ya magonjwa ya mlipuko yaliyopita kisiwani humo, moja mnamo 1823 na jingine mnamo 1870. Alisikia jina kama kidinga pepo, akalieleza kuwa mshtuko wa ghafla wa misuli unaoletwa na pepo. Kutoka hapo likatolewa wazo kwamba neno la Kiswahili lilivuka bahari na watumwa hadi Karibi, na huko, wakati wa mlipuko wa 1827 na 1828, likageuzwa kuwa dengue kwa kuchanganywa na neno la Kihispania lenye maana ya maringo, kwa kuwa mgonjwa hutembea kwa kujikaza kama mtu anayejidai.

Mwaka 1971 Donald Carey alichapisha makala iliyosoma upya maelezo hayo ya zamani. Hoja yake ilikuwa kwamba mengi ya yaliyoitwa dengue hayakuwa dengue. Maumivu ya viungo yanayoanza ghafla na kubaki kwa wiki nyingi baada ya homa ni alama ya chikungunya, na ndiyo Christie aliyoyaeleza Zanzibar. Ndiyo pia aliyoyaeleza daktari David Bylon huko Batavia mwaka 1779, katika ugonjwa ulioitwa na Waholanzi knokkelkoorts. Scott Halstead, mtafiti wa Marekani, alirudia hoja hiyo mwaka 2015, baada ya ugonjwa kuingia Karibi, akisema kwamba haukuja huko kwa mara ya kwanza bali ulirudi.

Ikiwa Carey alikuwa sahihi, basi Waswahili wa pwani walikwisha kuupa ugonjwa huu jina zaidi ya miaka 100 kabla ya mlipuko wa Newala. Jina hilo lilichukuliwa na ugonjwa mwingine, dengue, ambao uliuzidi umaarufu. Ugonjwa wenyewe ukabaki bila jina katika vitabu mpaka Wamakonde walipoutaja upya. Kwa mtazamo huo kauli ya zamani kwamba jina la ugonjwa huu ni la Kiswahili ina chembe ya ukweli, ila jina hilo si chikungunya.

Majina mengine ya namna hii

Mwaka 1959, miaka michache baada ya Newala, ugonjwa unaofanana sana ulizuka kaskazini mwa Uganda na kuenea hadi Kenya na Tanganyika, ukiwapata watu wapatao milioni mbili. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, kwa maana ya kulegeza au kuvunja viungo, na jina hilo likabaki. Virusi vyake ni ndugu wa karibu wa vile vya chikungunya, lakini vinaenezwa na mbu wa Anopheles, walewale wa malaria. Sikio la Mswahili husikia hapo kunyong'onyea, lakini Kiacholi si lugha ya Kibantu, na mfanano huo haufai kutumiwa kama ushahidi.

Mjini Kinshasa, wakati wa mlipuko wa 1999 na 2000, chikungunya iliitwa buka-buka, kutoka kitenzi cha Kilingala chenye maana ya kuvunja. Konzo, ulemavu wa miguu unaoletwa na mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, ni neno la Kiyaka cha Kongo, nalo hutaja miguu iliyofungwa. Kwashakoo ilitoka katika Kiga cha Ghana kupitia makala za daktari Cicely Williams za miaka ya 1930, na hutaja mtoto aliyeachishwa ziwa mdogo wake anapozaliwa. Katika majina yote haya mtaalamu alisikiliza kwanza, kisha akaandika.

Katika Tanzania ya leo

Ugonjwa haujaondoka katika nchi uliyopewa jina. Katika uchunguzi wa wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi mwaka 2007 na 2008, madaktari walidhani zaidi ya nusu wana malaria, lakini maabara ilithibitisha malaria kwa chini ya wagonjwa wawili katika kila 100. Miongoni mwa 700 waliopimwa chikungunya, 55 walikuwa nayo. Moshi iko mbali sana na Newala, na wagonjwa hao hawakutegemewa kuijua chikungunya hata kwa jina.

Matangazo ya afya kwa Kiswahili husema "homa ya chikungunya", na mara nyingi huitaja pamoja na dengue kwa kuwa mbu wao ni mmoja na kinga yao ni moja: kufunika vyombo vya maji, kumwaga maji yaliyotuama katika makopo na matairi, na kujikinga na mbu wa mchana. Hakuna dawa inayoua virusi hivi. Mgonjwa hupewa mapumziko, vinywaji na parasetamoli. Aspirini na dawa nyingine kali za maumivu huepukwa mpaka ihakikishwe kwamba si dengue, kwa sababu katika dengue zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Hapo ndipo tofauti kati ya chikungunya na kidingapopo inapokuwa na maana kitandani mwa mgonjwa.